Jedwali Namba Saba

Jumamosi saa mbili kamili darasa linafunguka
kwenye kompyuta iliyokalia gunia tupu,
na mwanafunzi ni mimi, miaka arobaini na moja,
shahada ya uzamili, usimamizi wa teknolojia,
kwa walio kazini. Ndivyo fomu ilivyosema,
kana kwamba wapo wasio kazini hapa Masasi
mwezi wa Novemba, malori yamepanga foleni
toka ghalani hadi kituo cha mafuta
na harufu ya mabibo yaliyooza imeingia mpaka kwenye daftari.

"Nenda tu, Somoe," anasema Yustino Nampunju,
"mzigo nitaupokea mimi."
Penseli sikioni. Saba zake anazipiga mkanda tumboni
zisije zikaitwa moja.
Mwaka wa ishirini na mbili huu anapokea mizigo.
Mizani inayodanganya anaijua kwa mlio,
na akitia mkono guniani anakutajia unyevu
kabla kipimo hakijaamka.
Kumi na moja, anasema.
Kipimo kinasema kumi na moja nukta mbili.
Yustino anakitazama kama mtu anayesamehe.

Kule kwenye kioo mhadhiri anauliza
wadau wetu ni akina nani.
Benki, nikaandika. Chama kikuu. Mnunuzi. Mkulima.
Bando likakata kwenye mkulima.
Niliporudi walishafika sura nyingine.

Usiku ndio chuo changu hasa.
Mtoto kalala, ming'oko imepoa kwenye sahani,
umeme unatoka na kurudi kama mgeni aliyesahau kitu,
nami najifunza maneno yenye mikono misafi:
kuhama mfumo, ufanisi, kupunguza hatua,
rasilimali watu.
Nayapenda, sitasema uongo.
Mizani inayojiandikia yenyewe,
stakabadhi inayoingia kwenye simu ya mkulima wa Lulindi
kabla hajafungua kamba za baiskeli yake,
na yule wa kangomba abaki na kopo lake mkononi.
Nani asiyetaka?
Baba yangu alipotea magunia manne
kwenye karatasi iliyolowa mvua.
Manne. Mwaka ule sikwenda shule.

Basi niliandika kwa bidii ya mtu anayedai.
Jedwali namba saba, gharama na akiba.
Mstari wa tatu: karani wa mizani,
nafasi moja, itaondolewa.
Jina sikuweka. Tasnifu haziweki majina.

Jumamosi sitini na nne ameshika zamu yangu.
Kazihesabu yeye, si mimi.

Na jumla zikakataa kukubaliana.
Nilikesha nazo siku mbili,
na ghala zima ni mtu mmoja tu
anayeweza kushuka na safu ya tarakimu
hadi chini bila kujikwaa.
Nikampa kurasa. Nilidhani Kiingereza kitanifunika.
Tarakimu hazivai nguo.

Alisoma amesimama, mgongo kwenye mizani,
midomo ikicheza.
Alipofika mstari wa tatu midomo ilitulia.
Nje mpagazi alikuwa anabishana na dereva juu ya turubai,
na mimi niliwasikiliza kwa makini ambayo hawakuistahili.

Penseli ikashuka sikioni.
"Hapa umekosea."
Nikasema, Yustino, mimi...
"Mshahara wangu si laki tatu na hamsini.
Walipandisha mwezi wa saba.
Laki tatu na sabini. Zidisha mara kumi na mbili uone."
Akaandika saba, akaipiga mkanda,
akanirudishia kurasa, akaenda kupokea lori la Chiungutwa.

Nikarekebisha.
Akiba ikapanda kwa laki mbili na elfu arobaini kwa mwaka.
Jumla zikakaa.
Wasahihishaji walilisifu jedwali lile kuliko yote.

Joho nimelirudisha, lilikuwa la kukodi.
Fundi wa mizani mpya anaingia Alhamisi na basi la usiku.
Jana kikaoni nikauliza nani atakwenda stendi kumpokea.
Watu waliinamia simu zao.
Penseli moja ikanyooshwa juu.