Sahani Haikuoshwa

Siku ya kwanza tulipewa madawati ya darasa la tatu,
magoti yakagota mbao kana kwamba tumerudishwa utotoni kwa nguvu.
Tulikuwa kumi na wanne: manesi, walimu,
mtu wa kanisa, maalimu wa madrasa ya Shela, na mimi,
Ngumbao, mwenye cheti na asiye na mtoto.
Mahamri yalifika yamepoa. Mbaazi zilitiwa nazi ya haki.
Mwalimu Swabra hakusalimu sana. Aliandika ubaoni:
TAJA KITENDO, USIMTAJE MTOTO.
Chaki ikakatika kwenye "mtoto". Akamalizia na kipande.

"Mwizi" ni jina, alisema.
"Umechukua mia mbili mkobani" ni habari.
Jina humganda mtu. Habari hujibiwa.
Maalimu akanong'ona: samaki mkunje angali mbichi.
"Na huyu keshaanza kukauka," Swabra akamgeukia,
"utamkunja, au utamvunja?"

Baada ya adhuhuri tukaigiza.
Mimi nikawa kijana wa miaka kumi na mitano,
ninuke muguka, nirudi saa tano usiku, macho yangu yasishikike.
Nesi Jumwa akawa mama. Alizijua hatua zote:
shusha sauti, sogea, ngoja pumzi tatu, uliza swali moja.
Akashusha. Akasogea. Akangoja.
Nikamwambia, na sijui neno lilitoka pango gani:
"Ungekuwa wanitaka usingenipeleka kwa nyanya."
Halikuwa kwenye karatasi.
Jumwa akaitazama kalamu yake. Feni ikakwaruza.
Hakuna aliyeuliza kisa hicho ni cha nani,
wala mimi sikusema kwamba nililelewa Gongoni.

Wiki ya tatu nikapewa nyumba yangu ya kwanza, Maweni.
Dama huuza bajia mlangoni; mafuta yalichemka tukizungumza.
Mwanawe, Kaingu, akapita katikati yetu
kama mtu apitaye kati ya nguo zilizoanikwa.
"Huyo ni shetani," akasema Dama. "Ni babake mtupu.
Saa mbili natia kufuli. Alale na paka."
Nikashusha sauti. Nikangoja pumzi tatu.
Nikauliza: mara ya mwisho mlikula pamoja lini?
"Wewe umezaa?"
"Sijazaa."
"Basi kula bajia, uende."
Nikala. Pilipili ilikuwa ya hasira.
Nikalipa. Akanirudishia chenji kamili bila kuniangalia.

Jioni Swabra akapiga simu. "Umefanya nini leo?"
"Nimekula bajia."
"Vizuri. Rudi."

Nikarudi. Nikarudi tena.
Mara ya nne aliongea mwenyewe, mgongo kanigeuzia,
akitia maji kwenye unga wa kunde:
alivyogonga kokoto mtoto akiwa mgongoni,
vumbi likaingia hata kwenye maziwa, na mtoto akanyonya tu.
Hapo nikamwachia kazi moja, ndogo hata aibu kuiandika:
muwekee chakula nje, kifunike, usiseme neno.

Jumatatu nikamkuta amesimama mlangoni, sahani mkononi,
ya bluu, punje za wali zimekaukia ukingoni, sisimizi wanazunguka.
"Tazama! Kakila chote, na hata kuiosha hakuiosha!
Nani atamuoshea? Sahani! Sahani tu imemshinda!"
Alifoka mpaka jirani akachungulia.
Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine.
Shetani hakutajwa. Wala baba.
Ilikuwa sahani.

Fomu yangu ina visanduku kumi na viwili.
Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikaikunja.
Dama akauliza kama nimekuja kucheka au kula.
Nikamwambia, vyote.
Nyuma yake kufuli lilining'inia kwenye pete,
wazi, au limesahauliwa tu.
Sikuuliza.