Nzi wa Uzi

Ijumaa saa tisa Balagizi alifunika cherehani yake
pale Kadutu, sare za shule zikiwa bado hazina vifungo,
akashusha juu ya kabati bomba la bati
ambalo babu yake alilipwa badala ya mshahara wa mwisho
na mzungu wa shamba la kwinini aliyeondoka usiku.
Ndani, fimbo ya vipande vitatu. Na kopo la peremende
lenye nzi kumi na mmoja, wote kazi ya vidole vyake:
manyoya ya shingo ya jogoo wa mama mkwe,
uzi mwekundu uliobaki kwenye sketi za masista.
"Nzi wa uzi," alisema. "Hawa hawali. Huliwa."

Nilikuwa na deni lake. Dola mia mbili,
tangu mwaka juzi, tangu mabati ya paa langu.
Sikuweza kukataa safari.

Baada ya Mudaka tulikunywa vumbi,
na kwenye barieri ya Miti askari akagonga bomba kwa ukucha.
— Hii ni roketi?
— Ni ya samaki, shefu.
— Samaki wa huku mlimani? Onyesha.
Basi Balagizi akaunga fimbo katikati ya barabara,
akarusha uzi mbele, nyuma, mbele,
na nzi akatua juu ya kokoto bila kuamsha vumbi.
Kuku wawili wakamkimbilia.
Askari alicheka mpaka akasahau kutuomba kitu,
kisha akakumbuka.

Mto wenyewe sitautaja. Wenye nyavu wana masikio.
Uko juu ya majani ya chai, chini ya mianzi,
maji membamba, baridi ya kung'oa kucha.
Samaki wake wana madoa mekundu na meusi,
wajukuu wa wale waliopandishwa huku ndani ya madebe
juu ya vichwa vya watu ambao majina yao hayakuandikwa.
Mzungu alikwenda. Samaki walibaki, wakajifunza Mashi.

"Usitupe," aliniambia. "Tua."
Nikatupa. Nikanasa mwanzi, nikanasa kofia,
nikanasa sikio langu mwenyewe.
"Mkono wako unakimbia kama mtu anayedaiwa."
Akanyamaza ghafla. Nami nikanyamaza.
Mto ndio uliobaki na la kusema.

Usiku tulilala kwa shangazi yake, M'Birindwa:
maharage, moshi, mvua juu ya nyasi.
Gizani nilipanga sentensi mara tano,
Balagizi, zile pesa,
na kila mara alikuwa anakoroma, au anajua kukoroma.

Jumapili, ukungu haujapanda, samaki mmoja alimwamini nzi wangu.
Uzi ukapata moyo. Ulidunda mpaka kwenye kiwiko.
Balagizi aliingia majini na suruali yake ya kanisani,
akalowesha mikono kwanza, ndipo akamshika,
akamtoa nzi mdomoni, akamgeuza uso kuelekea mkondo,
akafungua vidole.
— Umefanya nini?
— Nimeachia.
Alisema akinitazama mimi, si maji.
"Twende. Vifungo vinaningoja."

Njia nzima, nyuma ya mgongo wake, nilikuwa nikihesabu.
Hakusema nimemwachia. Hakusema nimekuachia.
Nimeachia, basi,
na ile silabi iliyokosekana ilikuwa na bei ya dola mia mbili.

Nyawera nilinunua fungu la sambaza, nikaliweka mezani.
"Siku mbili mlimani," mke wangu akasema,
"mkatuletea samaki wa ziwa?"
Kisha akaona nzi kwenye kola ya shati langu
akampiga kwa ndala. Mara mbili. Hakufa.

Jumatatu nilimpelekea Balagizi dola thelathini.
Alizipokea bila kuhesabu, pini mdomoni,
mguu ukiendelea kukanyaga cherehani,
akaniuliza kama jogoo wetu ana shingo nyekundu.