Mazuku ya Karakana

Ndosho, nyuma ya soko. Jiwe jeusi juu ya jiwe jeusi,
mlango mmoja. Dirisha patroni aliliziba
mwaka ule wa wezi,
kwa matofali na makopo matupu kumi na manne.
Humo ndani mimi huchanganya rangi:
bluu ya milango, nyekundu ya mabati,
na ile njano inayotakwa na kila mtu
kwa sababu inang'aa,
na inang'aa kwa sababu ina risasi.

Risasi. Watu wa Goma neno hili hatufundishwi.
Ile inayolia, tunajua kulala chini ya kitanda.
Hii hailii.
Inakaa chini ya ukucha, inapanda na andazi la saa nne,
inarudi nyumbani kwenye kitenge cha kazi
na mtoto anailamba begani kwa mama yake.

Nilimwambia patroni. Akacheka.
"Kunywa maziwa, Kahindo. Maziwa ya Masisi yanaosha yote."
Na kweli alinunua, bidoni nzima kila Jumamosi.
Lakini maziwa yana njia yake na pumzi ina yake,
hata ukinywa ng'ombe mzima na pembe zake.

Kisha usiku wa mvua, Byamungu, kijana wa kupuliza rangi,
alilala kazini, sakafuni,
kando ya ndoo ya tina isiyo na kifuniko.
Asubuhi nilimwona kwanza kuku wa jirani
aliyepita chini ya mlango kutafuta joto:
shingo imenyooka, jicho moja wazi.

Bibi yangu wa Sake alinionya nikiwa mdogo:
bonde linaloangusha mbuzi, usiiname ndani yake.
Mazuku hayabishi hodi. Hulala chini kama maji,
humngoja aliye mfupi, aliyechoka, aliyelala.
Ya bibi hayakuwa na harufu.
Yetu yalikuwa nayo, na tuliizoea.

Nilimvuta kwa miguu hadi kwenye changarawe.
Akatapika. Akauliza ni saa ngapi.
Akauliza tena.
Mpaka leo akihesabu chenji hukwama katikati,
kama mtu aliyesahau jina la avenyu yao.

Siku hiyo sikuchanganya kitu.
Nilichukua nyundo.
Makopo yalianguka moja moja, patroni akiyahesabu mlangoni.
"Utalipa." Kata kwenye mshahara, nikamwambia,
na nyundo sikuiweka chini.
La kumi na nne lilipoanguka, upepo wa Nyiragongo ukaingia
na kupekua kila pembe, kama mama mkwe.

Njano iliyobaki niliiandikia ukutani:
NDOO IFUNIKWE. KITAMBAA SI BARAKOA.
NGUO YA KAZI ILALE KAZINI.
Kisha nikaona aibu,
kuandika onyo la sumu kwa sumu ileile.
Ndiyo ya mwisho. Sasa tunatengeneza njano iliyofifia kidogo
na wateja wananung'unika, na wananunua.

Limebaki la nyuma ya nyumba.
Tulikuwa tunamwaga kwenye ufa.
Jiwe la volkeno hunywa bila kushukuru:
hakuna mfereji, hakuna dimbwi, hakuna shahidi.
Tulisema, imeisha.
Lakini mvua yetu nayo haina mto;
hupita humohumo, gizani,
na hutokea ziwani, pale wasichana wanapopanga alfajiri
bidoni za njano.

Tina chafu sasa hulala kwenye pipa siku tatu.
Tope linashuka, juu panakuwa peupe, naoshea brashi tena.
Tope namwekea pipa lake, lenye mfuniko na kufuli,
bado tunatafuta wa kulichukua.
Patroni amepiga hesabu: bidoni mbili kwa mwezi hazinunuliwi.
Hilo ndilo lililomgusa. Si kuku. Si Byamungu.
Sawa.

Maziwa bado analeta.
Tunayanywa nje, mikono imenawa,
kwa sababu ni matamu.