Sindano Isitokee

Alikuja na ngozi nyeusi begani,
nikadhani amechuna pomboo.
"Fundi, nipunguzie hapa na hapa,"
akaibwaga juu ya sare za shule
ambazo wazazi wananidai tangu Jumatatu.

Nikacheka. Baridi? Mikindani hii,
ambako shuka kazi yake ni kufukuza mbu?

Nalinga hakucheka. Anahesabu matumbawe kule Msimbati,
dakika hamsini chini, mara tatu kwa siku,
na mwezi wa saba, alisema, bahari haikuumi,
inakukopa.
Kidogo vidoleni, kidogo masikioni, wala hailipi.
Ukipanda mashuani, kifungo cha suruali yako mwenyewe
unamwita mwenzako akufungulie.

"Sasa suti si inazuia maji?"
"Haizuii. Inayaruhusu, unene wa karatasi tu,
kati ya mpira na mwili.
Mwili unayapasha. Yakitulia, umepona.
Lakini hii ilikatiwa Mjerumani mwenye kitambi;
kila nikigeuka, yaliyopata moto yananitoka mgongoni,
mapya yanaingia,
naanza upya."

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo.
Huyu wake anamtandikia mkeka, anamsihi asiondoke.
Na mimi nimewahi kupasha wa kuondoka:
miaka minne, kisha akavuka Ruvuma
na joto lote.
Sikusema. Nilikuwa na pini mdomoni.

Nikampima. Kwapani, ubavuni,
na lile bonde la mgongo ambamo maji hupenda kulala.
Mbavu zake nilizihesabu bila kutaka.
"Kale kwanza," nikamwambia. "Mimi sishoni mifupa."

Cherehani ilikataa, mpira ukanata chini ya mguu wake.
Nikarudi kwenye mkono.
Nikakata, nikapaka gundi ya Chembea wa viatu,
nikabana kingo mbili
kama midomo ya mtoto anayekataa dawa.
Halafu uzi, na hapo ndipo penye kazi:
sindano iingie nusu ya unene, isitokee upande wa pili,
maana kila tundu ni mlango
na bahari haipigi hodi.

Siku mbili. Sare zikangoja. Mama mmoja akanitukana.

Nikampa na chupa ya chai, ndani maji ya moto matupu.
"Yamimine shingoni kabla hujazama,
bahari ikifika ikute nyumba ina watu."

Ijumaa aliirudisha chupa, nywele zina chumvi,
suti mkononi inachuruzika kwenye sakafu yangu.
"Vipi?"
"Yamekaa."

Alipotoka kununua sigara niliingiza mkono
pale kwenye bonde la mgongo, nikaupapasa mshono.
Mkavu hapana. Vuguvugu.
Nikauacha mkono humo
muda mrefu kuliko fundi anavyohitaji.