Nusu Siku Lincoln

Mwantumu kanikatia tiketi ya nusu siku,
saa tatu na nusu hadi saa saba, chai haimo.
"Baba, utaozea dirishani," akasema,
akanivika koti la mumewe
lenye mikono inayonimeza vidole,
akanipandisha basi pale Newark kama mtoto wa chekechea.

Kiongozi wetu Bi Doreen Leggott, mwalimu mstaafu,
kanyanyua mwavuli wa njano ingawa mawingu yamenyamaza.
Tu watu kumi na mmoja. Twaufuata mwavuli
kama vifaranga.

Mtaa wenyewe wenyeji wameuita Mwinuko Mkali,
wala hawakutia chumvi.
Pana chuma cha kushikilia, kimelainishwa na viganja
hadi kinang'aa kama kijiko cha harusi.
Goti langu la kushoto likauliza: kwani huko juu kuna nini?
Nikaliambia: tumeshalipiwa.

Juu kuna ngome, na kuna kanisa
refu kiasi kwamba shingo huchoka kabla ya jicho.
Mfalme huyu alijenga, askofu huyu akaongeza:
Bi Doreen akayataja majina
kama mtu anayelipa madeni ya watu.
Ardhi ilitikisika, akasema, zamani, miaka mia nane na ushei,
kanisa likapasuka toka paa hadi chini.
Kwetu asiyeziba ufa hujenga ukuta;
hawa, ufa haukuwapa nafasi ya kuchagua.

Nami niliyesimama nyuma ni mwashi.
Miaka arobaini na mbili, Muheza hadi Korogwe:
shule, zahanati, misikiti miwili, vyoo visivyohesabika.
Alipojenga mfalme, nikataka kuuliza,
nani alimkorogea chokaa?
Kiingereza changu kikanikwama kooni,
nikaishia kukohoa.

Ndani, wenzangu wakamkimbilia shetani mdogo wa jiwe
aliyeketi juu huko, wampige picha.
Mimi nikatazama dari.
Mbavu zake zimekwenda upogo:
huu unavuta huku, ule umekataa kukutana nao.
"Hatujui kwa nini," akasema Bi Doreen.
Mimi nilidhani najua. Fundi yule
alikuwa na siku njema, na mkaguzi hayupo.

Kisha nikaiona, usawa wa kifua, kwenye jiwe la kona:
mshale mdogo wenye mistari miwili mkiani,
umechorwa kwa ncha ya patasi.
Saini. Si ya askofu.
Nikakumbuka tangi la maji la shule kule Potwe,
ndani, chini ya lipu, mwalimu mkuu asipofika,
herufi K, niliyoikwaruza kwa msumari mwaka niliooa.

Nikanyoosha kidole.
Mlinzi akatikisa kichwa: kugusa ni mwiko.
Mwiko! Bwana wee, mwiko ndio ulionilisha,
ndio uliomsomesha Mwantumu hadi akafika huku
kuogesha wazee wa watu na kuninunulia tiketi.
Nikatabasamu kama asiyeelewa,
nikagusa.

Jiwe lilikuwa baridi. Ukingo wa alama
bado una makali kidogo.

Nilipogeuka, mwavuli wa njano haupo.
Nje mawingu yalikuwa yamevunja ukimya,
kila mtu kafungua wake.
Nikafuata njano isiyokuwa yangu
hadi ndani ya duka la jibini.

Basi likaningoja dakika tisa.
Bi Doreen hakunikaripia. Alinipa peremende,
akahesabu upya, kwa sauti: kumi na mmoja.

Jioni Mwantumu akauliza: wafalme wangapi, Baba?
Nikamwambia wamenitoka wote.
Ila ukuta wa nyuma wa nyumba hii, mwanangu, una tumbo.
Kesho nitafutie timazi.