Washa Moja

Kompresa ilipokufa, Lurleen alisema: tutashusha vioo.
Odell akaing'oa, akapachika puli tupu mahali pake,
haipozi, haivuti, kazi yake kuzunguka tu.
Ikaanza kulia: nyii, nyii,
kila alfajiri mtaa mzima wa Amarillo
ukajua nani anakwenda kazini.

Maji juu ya mkanda: bado.
Beringi mpya: bado,
na dola kumi na nane zimekwenda.
Jumamosi akaegemeza rula ubavuni mwa puli,
mwanga ukapenya, unene wa ukucha.
Washa moja nyuma yake. Kaza.
Akawasha.

Kimya.

Jioni kaingia mlangoni, Lurleen kashtuka,
birika bado baridi.
"Nilikuwa nakusikia tangu kona ya kanisa," akasema,
"ndipo nabandika kahawa."