Anaogopa Nini?

Anaitwa Deni, kwa sababu alikuja badala ya deni.
Lyaruu wa duka la rangi alishindwa laki tatu zangu,
akaniletea kikapu, ndani kitu cheusi kinatetemeka.
Nikamwambia, Lyaruu, hiki hakihesabiki.
Miaka minne sasa. Kweli hakihesabiki.

Kisha ofisi ikahamia Posta. Natoka kabla hakujapambazuka,
narudi taa za barabarani zikiwaka.
Bi. Zuwena, tunayepakana ukuta, hakunigombeza:
"Analia tangu unapofunga geti mpaka magharibi.
Mate yake siyagusi, mwanangu, unajua,
ila kilio chake kinaingia kwangu bila hodi."

Ndipo nikaanza kuzunguka, kutafuta pa kumwacha mchana.

Masaki kuna nyumba yenye kiyoyozi
na picha za mbwa waliovalishwa kofia.
Dada wa mapokezi alinipa bei kabla ya salamu.
Mbwa wenyewe wako wapi?
"Wamepumzika."
Naweza kuwaona?
"Wamepumzika, mama."
Saa nne asubuhi, mbwa kumi na wawili,
kimya kama darasa lililochapwa.
Karatasi yake niliiacha juu ya meza.

Daktari wa mifugo, Kapufi, mtu wa maneno machache,
aliniambia: nusa.
Panaponuka mkojo, ondoka.
Panaponuka dawa tupu, uliza wanaficha nini.

Mbezi Luis sikuwahi hata kunusa.
Kila mti na mnyororo wake,
viluwiluwi wanaogelea kwenye bakuli la maji,
na mwenye uwanja akicheka: "Mbwa ni mbwa tu, dada!"
Deni alikaa getini, akawa mzito kama mfuko wa saruji.
Sikumvuta.
Mimi nina shahada. Yeye ana pua.

Goba, njia ya vumbi, hakuna hata kibao.
Mwanamke aitwaye Tumpale alitusimamisha nje ya geti.
"Cheti cha chanjo ya kichaa?"
Nimekisahau nyumbani.
"Basi leo hamwingii."
Nilikasirika, nisiseme uongo:
jua la saa saba, bajaji inanisubiri, inahesabu.
Lakini geti lilikuwa la nondo, na nondo hazifichi kitu.
Niliona mbwa sita chini ya turubai, ndimi nje,
mmoja kilema wa mguu wa nyuma
akila kando, peke yake, taratibu,
na kijana amechuchumaa kati yake na wengine,
hafanyi lolote, amechuchumaa tu,
mpaka sahani ikaisha.

Keshokutwa nikarudi na cheti.
Tumpale alikisoma mpaka muhuri, mpaka tarehe,
kisha akaanza kunihoji kama mama wa bwana harusi.
Anakula nini? Analala wapi?
Amewahi kung'ata mtu?
Hapana.
Akanitazama.
Mara moja, nikasema. Fundi umeme.
Akaandika.
"Anaogopa nini?"

Bei nilikuwa nimejiandaa kuijadili. Hili, hapana.
Nikasema: ufagio, ukishikwa juu.
Mvua inapoanza kugonga bati, si ikishakolea, inapoanza.
Wanaume wenye funguo nyingi.
Kikapu. Mpaka leo, kikapu chochote.
Nikajisikia nikiendelea, na yeye akiendelea kuandika,
ukurasa ukageuzwa.

Siku ya kwanza aliingia bila kunitazama tena.
Nilibaki na kamba mkononi, kama mtu aliyeshuka kituo siko,
nikaikunja, nikaikunjua,
bajaji ikapiga honi.

Jioni, Bi. Zuwena alitokeza kichwa juu ya ukuta.
"Leo kimya."
Ndiyo, mama, nimepata mahali.
Akapanga kanga yake begani, akakohoa kidogo.
"Nimeshindwa kulala mchana," akasema.
"Wanampa maji lakini, huko?"